Sura ya Nne: Toka Nyonga Hata Goti

Barabara itokayo Uvira hufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika kwa mwendo mrefu, maji yakiwa mkono wa kushoto na milima mkono wa kulia, hata ifikapo Baraka; na mwenye safari ya Fizi, akiisha kuipita Baraka, huuacha ufuko akaikabili milima yenyewe, akapanda kona baada ya kona mpaka juu kwenye upepo. Gari lipandapo njia ile huguna na kutoa moshi, na dereva wa pikipiki hubadili gia mara kwa mara. Walakini mama aliyeeleka mtoto mgongoni na kubeba kikapu cha muhogo, au mzee arejeaye shambani na jembe lake begani, hupanda pasipo kelele, kwa nguvu iliyositirika baina ya kiuno na goti. Nguvu hiyo ndiyo maudhui ya sura hii, pamoja na mifupa iibebayo, misuli iizaayo, neva ziiamrishazo, na maradhi yaivunjayo.

Jambo moja napenda lithibiti moyoni mwa msomaji tangu mwanzo, kwa kuwa yote yatakayofuata yanalitegemea. Vitabu vya utabibu huitenga nyonga katika mlango wake, paja katika mlango wake, na goti vile vile, na wanafunzi huvisoma kwa siku mbalimbali. Lakini katika mwili ulio hai vitatu hivi havina mpaka. Mfupa mmoja, yaani fupapaja, una ncha moja nyongani na ya pili gotini. Misuli kadhaa iliyo mirefu huvuka viungo vyote viwili kwa pamoja. Na neva zile zile zipelekazo habari za nyonga kwenye ubongo hupeleka na habari za goti. Kwa hiyo mtu achunguzaye kimoja, akaacha kuchunguza wenzake, aghalabu hupata jibu la uongo, na jibu la namna hiyo limelemaza watoto waliokuwa na haki ya kukimbia.

Mfupa wa nyonga, ulioko kila upande wa kiuno, kwa mtoto ni mitatu: wa kwanza mpana, uliotanda juu, ambao mtu akishika kiuno mkono wake hukaa juu ya ukingo wake, wa pili wa chini, ambao ndio tuukaliao, na wa tatu wa mbele, wa kinena. Mitatu hii hukutana penye tundu la nyonga, ikitengwa na gegedu mpaka umri wa miaka 14 hadi 16 hivi, ndipo inaposhikana ikawa mmoja. Ndani ya tundu hilo hukaa kichwa cha mviringo cha fupapaja, mfupa mrefu na wenye nguvu kupita yote katika mwili wa mwanadamu, ambao urefu wake ni takriban robo ya kimo cha mwenyewe. Kichwa hicho hakikukaa juu ya mfupa wima, bali kimechomoza upande juu ya shingo iliyopinda: kwa mtoto mchanga pembe ya shingo hiyo na mfupa ni nyuzi kama 150, na kwa mtu mzima hupungua hata kufikia 125 au 130. Kutoka hapo mfupa hushuka ukielekea ndani, hata magoti mawili yakakaribiana chini ya mwili ingawa nyonga zimeachana.

Mwelekeo huo wa ndani una tarikhi ndefu. Mwaka 1973, huko Hadar katika nchi ya Uhabeshi, mtaalamu wa Kimarekani Donald Johanson aliokota vipande vya mifupa ya goti vilivyokuwa vimelala ardhini kwa zaidi ya miaka milioni 3, na pembe ya fupapaja ile ikamjulisha, kabla hajaona fuvu wala meno, ya kwamba mwenye goti lile alikuwa akienda kwa miguu miwili. Miaka mitano baadaye, Laetoli katika Tanganyika ya zamani, watu wa Mary Leakey walikuta nyayo zilizogandia katika majivu ya volkeno, za umri wa zaidi ya miaka milioni 3 na nusu, nazo zikaithibitisha habari ile ya goti. Sokwe hana pembe hiyo. Ng'ambo ya ziwa letu, kuikabili rasi ya Ubwari, iko Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwatazama sokwe Julai 1960. Na sokwe asimamapo wima hulazimika kuyumba huku na huku kwa kila hatua, kwa kuwa mapaja yake yameshuka sawasawa toka nyonga zilizoachana, na mfupa wake wa nyonga ni mrefu na mwembamba, haukukunjuka kandoni kuipa misuli mahali pa kumshikilia. Mtu apandaye toka ziwani mpaka Fizi pasipo kuyumba hukipanda kilima kile kwa urithi huo.

Sasa tuje kwa mtoto mchanga, maana hapo maumbile yameachia kazi yake mikononi mwa mama. Mtoto azaliwapo, tundu la nyonga yake bado lina kina kifupi, na sehemu yake kubwa ni gegedu laini. Kina chake hukamilishwa baada ya kuzaliwa, kwa kichwa cha fupapaja kukaa ndani yake na kuligandamiza kwa upole miezi ile ya kwanza. Kichwa kikitulia mahali pake, tundu hukua likakizunguka, na kikikaa ukingoni au kikitoka kabisa, tundu hubaki bapa, mtoto akija kutembea hutembea chopi, na akifika makamo hupatwa na maumivu yasiyomwacha. Na kutulia kwake hutegemea jinsi mapaja yanavyowekwa. Yakikunjwa na kupanuliwa, kichwa huelekea katikati ya tundu. Yakinyoshwa na kufungwa pamoja, huelekea nje.

Mataifa yamelijua jambo hili kwa kulipia. Miongoni mwa Wanavaho wa Marekani, waliokuwa wakiwafunga watoto juu ya ubao na miguu imenyoka, kuteguka kwa nyonga kulikuwa kwingi mno. Huko Japani, ambako nako miguu ya wachanga ilikuwa ikinyoshwa na kuviringishwa nguo, madaktari walianza mnamo mwaka 1975 kuwafundisha wazazi waache desturi hiyo, na maradhi yakapungua pakubwa katika muda wa miaka michache. Mtoto aliyekwisha kupatwa, katika hospitali za Ulaya, huvishwa mikanda iliyobuniwa katika miaka ya 1940 na Arnold Pavlik, tabibu wa Kicheki, ambayo kazi yake yote ni kuyashika mapaja yamekunjwa na kupanuliwa kwa majuma kadhaa. Na hali ile ambayo mikanda ya Pavlik huitafuta kwa vifungo na kwa gharama, mama wa Baraka humpa mwanawe kila asubuhi kwa kitenge: humweka mgongoni, mapaja yamekumbatia kiuno, magoti yamekunjwa, akamfunga mbeleko akaenda zake sokoni au ziwani kupokea ndagala.

Mwaka 2015 madaktari waliofanya kazi katika hospitali ya Beit CURE mjini Blantyre, Malawi, walitangaza ya kwamba katika muda wa miaka 10 hivi walipokea watoto zaidi ya 40,000, na katika wote hao hakupasuliwa hata mtoto mchanga mmoja kwa ajili ya maradhi hayo, wakaiashiria mbeleko kuwa ni miongoni mwa sababu. Sitasema kwamba mbeleko ndiyo sababu pekee, kwa kuwa urithi wa damu nao una sehemu yake, na mtoto aliyekaa tumboni matako yakiwa chini huwa katika hatari zaidi. Lakini nasema kwa yakini ya kwamba hakuna katika utabibu wa leo hoja ya kumwonea haya mama aelekaye mtoto, na ziko hoja nyingi za kumhimidi. Mama kijana wa mjini ambaye ameona picha za watoto waliofungwa miguu imenyoka ndani ya shuka, akadhani huo ndio ustaarabu, naamwache bibi yake amfundishe kufunga kitenge.

Mtoto akikua, hatari huhamia kwenye damu. Kichwa cha fupapaja, ambacho ndicho kibebacho mwili, hulishwa zaidi na mshipa mmoja mwembamba uzungukao nyuma ya shingo yake. Mshipa huo ukikatika au ukiziba, mfupa ulio ndani ya kichwa hufa, na mfupa uliokufa, baada ya miezi au miaka, huporomoka chini ya uzito wa mwenyewe. Kwa mzee mshipa huo hukatika kwa ajali: bibi huteleza uani usiku, shingo ya fupapaja ikavunjika, na mguu ukaonekana mfupi, umegeukia nje, naye asiweze kuuinua. Kwa kijana wa Kongo huziba mara nyingi kwa selimundu, maradhi ya damu ambayo wengi katika nchi hii huyaita kwa herufi zake, SS: chembe za damu hupinda, zikanata, zikakwama ndani ya mishipa myembamba, na penye mshipa mmoja pasipo na njia ya pili mfupa hukosa riziki.

Hapo ndipo lile neno la mwanzo linapodhihirika. Kijana mwenye nyonga inayokufa huweza kuja akishika goti. Husema goti linauma, nalo kweli linamuuma. Hupakwa mafuta, huchanjwa chale, hufungwa bandeji, hupewa vidonge, na goti likitazamwa halina joto wala uvimbe, hata wakubwa wakaanza kumdhania uvivu wa kukwepa shamba. Sababu yake iko katika neva moja ipitayo upande wa ndani wa paja, ambayo hutoa tawi kwa nyonga, ikatoa matawi kwa misuli ikutanishayo mapaja, kisha ikatoa tawi la mwisho kwa goti. Nao ubongo, ukipokea kilio kwa njia hiyo, hushindwa kupambanua kimetoka wapi. John Hilton, mpasuaji wa hospitali ya Guy's mjini London, aliifundisha kanuni hii katika mihadhara yake iliyochapwa mwaka 1863: neva ilishayo kiungo ndiyo ilishayo na misuli ikiendeshayo kiungo hicho. Kifua kikuu cha nyonga huja kwa hila hiyo hiyo, na hali kadhalika ule ugonjwa wa vijana wanaobalehe ambao kichwa cha fupapaja huteleza polepole juu ya shingo yake. Jaribio la kuutambua ugonjwa wa nyonga halihitaji chombo chochote. Mlaze mtoto chali, likunje goti na paja mpaka pembe mraba, kisha uuzungushe mguu wa chini kuelekea nje na kuelekea ndani, ukilinganisha kulia na kushoto. Nyonga iliyo na ugonjwa itakataa, hasa mguu upelekwapo nje, ambapo ndani ya tundu kichwa cha fupapaja hugeukia ndani. Mtoto ambaye nyonga yake imekataa jaribio hili yampasa kupigwa picha ya nyonga, hata kama kidole chake hakijatoka gotini.

Misuli ya sehemu hii ni mingi kupita nafasi niliyo nayo, na majina yake mengi hayamfaidii asiye tabibu. Nitachagua ile ambayo kazi yake huonekana barabarani. Msomaji na asimame kwa mguu mmoja, mkono mmoja ameuweka kandoni mwa nyonga, chini kidogo ya ukingo wa mfupa: atasikia msuli umekazana chini ya vidole vyake. Kila hatua tuipigayo, muda mguu mmoja uko hewani, mwili wote hutaka kuangukia upande usio na nguzo, na msuli huo wa kandoni ndio uuzuiao. Kichwa cha fupapaja ni kama ile ncha ambayo mizani ya sokoni huning'inia kwayo: upande mmoja mrefu uko uzito wa mwili, na upande wa pili mfupi uko msuli, nao kwa kuwa upande wake ni mfupi yampasa kuvuta kwa nguvu maradufu ili mizani ikae sawa, hata nyonga ikabeba, kwa kusimama tu kwa mguu mmoja, mara 2 na nusu hadi 3 ya uzito wa mtu. Mwaka 1895 Friedrich Trendelenburg, mpasuaji wa Kijerumani, alionyesha ya kwamba msuli huo ukidhoofika, kiuno huinamia upande wa mguu ulioinuliwa, na mtu huenda akiyumbisha mwili.

Katika kanuni hiyo imo faida kubwa kwa wazee wetu, ambayo wengi wanaikosa. Mzee mwenye nyonga mbovu ya kulia hushika mkongojo mkono wa kulia, kwa kudhani ya kwamba fimbo yapasa kukaa penye maumivu. Na aushike kwa mkono wa kushoto. Fimbo ikigusa ardhi upande ule mzima, pamoja na mguu mgonjwa, huinua kidogo tu mwili uangukao, lakini huinua mahali penye upande mrefu wa mizani, na msuli hupumzika, na nyonga hupunguziwa mzigo mkubwa kwa nguvu ndogo ya kiganja. Nimewaona wazee wakibadilisha mkono na uso ukabadilika papo hapo.

Juu ya mama abebaye mzigo yako mambo ambayo elimu imechelewa kuyatambua. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo, wabebao kichwani, na wa Kikikuyu, wabebao kwa mkanda wa paji la uso, ambao ndio ubebaji wa wanawake wengi wa milima ya Kivu ya Kusini. Wakakuta kwamba mzigo wa kadiri ya sehemu moja katika tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea wanawake hao matumizi ya nguvu wapitapo mahali tambarare. Ubingwa huo u katika mwendo wa nyonga na magoti, nao hupatikana kwa mazoezi ya tangu utoto. Lakini mlimani hesabu ni nyingine, na mzigo upitao kiasi hicho hulipiwa; sifa za ubingwa zisitumike kuwa udhuru wa kumtwika mama mzigo ambao mumewe ameukwepa.

Mbele ya paja uko msuli mkubwa wenye vichwa vinne, ambao mmoja wa vichwa hivyo hutoka nyongani na vitatu hutoka katika fupapaja lenyewe, vyote vikakutana juu ya pia ya goti. Kazi yake ni kulinyosha goti, na kazi yake iliyo ngumu zaidi ni kulizuia lisikunjike ghafula mtu ateremkapo, ambayo ndiyo sababu mapaja ya mtu aliyeshuka toka Fizi hutetemeka kupita ya aliyepanda. Aliyepooza msuli huu kwa polio bado huweza kwenda: huweka kiganja juu ya paja na kulisukuma nyuma kila hatua, hata goti likajifunga, na wako watu waliokwenda hivyo aushi yao yote, shambani na sokoni, kwa subira ambayo wenye miguu mizima hawaipimi. Upande wa ndani iko misuli ikutanishayo mapaja, na hiyo ndiyo ikazayo mapaja yakapishana kwa mtu aliyepatwa na konzo, ulemavu wa ghafula wa miguu miwili ambao daktari Trolli aliueleza katika Kongo mwaka 1938, na ambao umeonekana hata katika Kivu ya Kusini. Mifupa na misuli ya mgonjwa huyo haina kasoro. Sumu ya muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, ikikutana na upungufu wa samaki na maharage, hudhuru neva zitokazo ubongoni, na madhara yake hayarudi nyuma. Wakati wa vita na wa kukimbia watu huvuna haraka na kuloweka kidogo, na kwa sababu hiyo konzo hufuata vita.

Goti ni kiungo kikubwa kuliko vyote, na ndicho kilichoachwa wazi zaidi. Nyonga imezama ndani ya nyama, imefungwa kwa kano ambazo moja yake, ile ya mbele, ndiyo imara kupita kano zote za mwilini. Goti halina tundu la kukaa, bali ncha mbili za mviringo za fupapaja zimewekwa juu ya mfupa wa muundi ulio karibu bapa, na usalama wake wote uko katika vitu vilaini. Kano mbili ziko kandoni, mbili zimepishana msalaba katikati, na baina ya mifupa zimo gegedu mbili za umbo la hilali zigawanyazo uzito. Goti linyokapo kabisa, muundi hugeukia nje kidogo na kiungo kikajifunga, ndiyo maana mtu huweza kusimama foleni ya maji saa nzima na misuli ya mapaja imelegea. Kijana wa Baraka achezaye mpira penye uwanja wenye mashimo, akageuza mwili ghafula na wayo umebaki ardhini, huikata kano ya mbele ya ule msalaba, naye husikia mlio. Goti huvimba kwa damu kabla ya magharibi, na hata uvimbe ukiisha, goti humsaliti kila ageukapo. Gegedu ile ya hilali ina damu ukingoni tu. Ikichanika ukingoni huweza kupona, na ikichanika ndani haiponi yenyewe.

Pia ya goti, ambayo kwa mtoto mchanga ni gegedu tupu na huanza kuwa mfupa kati ya miaka 3 na 6, husogeza kano ya msuli wa paja mbele na kuupa nguvu zaidi. Lakini hulipa kwa kugandamizwa, kiasi cha mara 3 hivi ya uzito wa mwili katika kupanda ngazi, na zaidi ya hapo katika kuchuchumaa. Sisemi watu waache kuchuchumaa wala kusujudu. Goti lililozoea kukunjwa tangu utotoni hubaki linakunjika. Na kwa wazazi watazamao miguu ya watoto kwa hofu: mtoto wa chini ya miaka 2 kuwa na matege kidogo ni maumbile, na wa miaka 3 au 4 magoti kugongana ni maumbile, na aghalabu hunyoka ifikapo miaka 7. Matege yazidiyo baada ya miaka 2, au ya mguu mmoja tu, ni ya kupelekwa kwa daktari. Mengine huletwa na upungufu wa chokaa katika chakula, na dawa yake ya kinga imejaa ziwani: ndagala aliwaye mzima na mifupa yake ana chokaa kingi, naye humfaa mtoto kuliko unga wa mkebe utokao mbali.

Fupapaja lenyewe halivunjiki kwa jambo dogo kwa mtu mwenye siha. Huvunjwa na pikipiki barabarani, na kifusi katika machimbo ya dhahabu ya Misisi, na risasi, ambayo nchi hii imeionja kupita haki. Livunjikapo, misuli ile mikubwa huzivuta ncha mbili zikapandana, paja likawa fupi na nene, na ndani yake huweza kumwagika lita 1 mpaka 1 na nusu ya damu pasipo tone kuonekana nje, katika jumla ya lita 5 ambazo mtu mzima anazo. Basi kumpakia mtu huyo juu ya pikipiki, mguu unaning'inia, na kumpeleka hospitali ya Nundu au ya Baraka juu ya mashimo, ni kumwongezea mauti njiani.

Dawa ya jambo hili ilitoka kwa waunga mifupa. Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa mwaka 1834, alikuwa mwana wa ukoo wa Wales uliounga mifupa vizazi kadhaa pasipo shahada, na baba yake akiunga mifupa mjini Liverpool hali madaktari wanamchukia. Mwana akasomea udaktari, akachanganya elimu mbili, akabuni gango la chuma lenye pete ya kukaa kinenani na fito mbili ndefu, ambalo huuvuta mguu ukanyoka. Alifariki mwaka 1891 bila kuheshimiwa ipasavyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza mpwa wa mkewe, Robert Jones, alilipeleka gango hilo medani, na inakadiriwa ya kwamba askari waliovunjika mapaja, ambao mwaka 1916 walikufa 80 katika 100, walipungua hata 16 kufikia mwaka 1918. Muunga mifupa wa kijijini naasidharauliwe, basi, lakini naye asiukaze mguu kwa vibanzi mpaka vidole vikawa baridi na vyeusi, kwa maana wako waliokuja kukatwa mguu kwa sababu ya kamba na si kwa sababu ya mvunjiko. Pasipo na gango la chuma, mguu mbovu nyosha kwa kuuvuta polepole, weka nguo baina ya miguu, kisha ufunge pamoja na mguu mzima toka kinena hata kifundo, na mgonjwa alazwe juu ya ubao.

Hospitalini mguu huvutwa kwa mawe au mifuko ya mchanga kitandani majuma 10 hadi 12, muda ambao jamaa humpikia, humgeuza na kumfariji. Au hutiwa msumari ndani ya uloto, kwa vyombo ambavyo Lewis Zirkle wa Marekani na shirika lake la SIGN wamevieneza tangu 1999 katika nchi zisizo na mashine za picha ndani ya chumba cha upasuaji. Kwa aliyepoteza mguu, Bukavu kiko kituo cha Heri Kwetu ambacho huunda miguu ya bandia. Na tofauti ya kukatwa juu ya goti au chini yake ni kubwa, kwa kuwa aliyebakiwa na goti huenda mbali kwa taabu ndogo, na mpasuaji mwema hulipigania goti kwa kila kidole cha urefu.

Limebaki moja, nalo ndilo linaloniuma zaidi kwa kuwa hufanywa kwa nia njema. Nyuma ya nyonga, chini ya nyama ya tako, hupita neva nene kuliko zote za mwilini, yenye upana wa kidole, iliyobeba amri zote za wayo na nyingi za nyuma ya paja. Mtoto mwenye homa hupelekwa kituo cha afya au kwa muuza dawa, akadungwa kwinini takoni, sindano ikaangukia neva hiyo. Homa hupona, na wayo hubaki umelegea ukiburura vidole maisha yote. Mashariki ya Uganda, katika wilaya ya Kumi, madaktari wameeleza habari za watoto wengi waliopooza mguu kwa njia hii, na wengine ambao nyama ya tako imekakamaa kwa makovu ya sindano nyingi hata hawawezi kuchuchumaa. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limeagiza ya kwamba mtoto mwenye malaria kali apewe atesuneti badala ya kwinini, kufuatia utafiti uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo. Na malaria isiyo kali ina vidonge vyake.

Kwa hiyo, wewe uliye muuguzi huko Mboko, Fizi au Lulimba, mtoto mchanga mdunge mbele ya paja upande wa nje, pasipo kurudiarudia mahali pamoja. Na mkubwa, ikiwa huna budi kumdunga takoni, igawe tako sehemu nne na uchague ile ya juu ya nje, ambako neva haifiki. Nawe uliye mzazi, kabla mwanao hajavuliwa nguo kwa ajili ya sindano, uliza kama dawa hiyo haipatikani ya kunywa. Na ukijibiwa kwa ukali, uliza tena.